Ugonjwa Unaoaga na Kurudi

Ugonjwa ninaouzungumzia leo una tabia inayowachanganya wagonjwa, ndugu zao, na mara nyingine hata wahudumu wa afya: humwangusha mtu, kisha ukamwachia wenyewe, dawa iwepo isiwepo. Jina lake la kitaalamu ni maltipo sklerosisi. Hospitalini hulifupisha kwa herufi mbili, MS, nami nitalitumia hilo fupi.

Hebu mfikirie binti wa miaka 26. Anaamka asubuhi jicho moja limeingia ukungu. Akilizungusha linauma kwa ndani. Akifumba lile zima na kuitazama kanga yake nyekundu, wekundu umepauka. Duka la dawa wanampa matone, hayasaidii. Shangazi mtu analeta majani anayoyajua, yanakamuliwa, na baada ya wiki tatu jicho linafunguka. Sifa zinakwenda kwa shangazi. Mwaka mmoja na nusu baadaye miguu inakufa ganzi, kuanzia nyayo hadi kiunoni. Safari hii anapelekwa kuombewa. Mwezi wa pili anatembea, anasimama mbele ya watu na kutoa ushuhuda, na ushuhuda wake ni wa kweli: kweli alikuwa hawezi kutembea, na kweli sasa anatembea. Waliomhangaikia wanampenda, na nafuu wameiona kwa macho yao. Lakini ugonjwa haujaondoka. Umo ndani, unaendelea na kazi yake.

Tusidhani haya yanatokea kwetu tu. Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, aliandika shajara ya maradhi yake kuanzia mwaka 1822, akiwa na miaka 28. Alikwenda Uskoti kumtembelea ndugu aliyempenda kama baba, akamkuta amefariki, na baada ya mazishi macho yakafifia hata akawa anasomewa barua zake. Kisha macho yakarudi, na mwenyewe akaandika kwamba hakufanyiwa chochote. Miaka mitano baadaye, akiwa Italia, akaanza kuona vitu viwili viwili, na miguu ikamwishia nguvu. Daktari akamlisha nyama ya ng'ombe mara mbili kwa siku, akamnywesha mvinyo, akaagiza achuliwe kwa dawa. Akapata nafuu. Miaka ikapita akizungukia madaktari na tiba za kila aina, hadi akafariki mwaka 1848 bila mtu yeyote kumwambia anaumwa nini. Ugonjwa wenyewe ulikuwa bado haujapewa jina. Ni mwaka 1868 ndipo Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alipounganisha dalili alizoziona kwa wagonjwa wakiwa hai na makovu magumu yaliyokutwa katika ubongo na uti wa mgongo wao baada ya kufa.

Makovu hayo yanatoka wapi? Mishipa ya fahamu ni nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Nyingi zimevikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini. Uzi wenye ganda nene hupeleka habari kwa kasi inayofikia mita 100 kwa sekunde. Uzi usio na ganda huipeleka kama mita moja hivi. Kwa mgonjwa wa MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huingia ndani ya ubongo na uti wa mgongo na kulishambulia ganda hilo. Chukua waya wa umeme uliogugunwa na panya darini: taa ya sebuleni inapepesa, mara inawaka, mara inazima, na fundi asipopanda juu hawezi kujua palipoguswa. Mshipa wa jicho ukishambuliwa, mtu haoni vizuri. Ukishambuliwa uti wa mgongo, matatizo yanakuwa ya miguu, au ya kibofu, au ya vyote. Ikishambuliwa sehemu ya nyuma ya ubongo, mtu anapoteza mizani ya mwili, anayumba barabarani, na majirani wanasema kalewa. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa MS wanaweza kuketi benchi moja hospitalini wasifanane kwa lolote.

Shambulio moja hudumu zaidi ya saa 24, mara nyingi siku au wiki kadhaa. Likitulia, uvimbe unapungua na habari zinaanza kupita tena. Mwili unatengeneza sehemu ya ganda lililoliwa, ingawa jipya huwa jembamba, na ubongo unajitafutia njia nyingine za kupitisha habari. Haya yote hutokea bila mtu kumeza kitu. Akimeza kitu wakati huohuo, kitu hicho ndicho kinachopewa sifa.

Hapa ndipo penye hasara kubwa, na ndiyo sababu hasa nimelileta jambo hili kwenye kipindi. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Bruce Trapp walionyesha kwamba ndani ya makovu yale haliliwi ganda peke yake. Nyuzi zenyewe hukatika, na walizikuta zimekatika hata kwa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga. Uzi uliokatika ndani ya ubongo au uti wa mgongo hauungiki. Basi siku binti yule anapotoa ushuhuda wake, tayari amepoteza kitu ambacho hakuna atakayemrudishia, na hajui, kwa sababu ubongo wa kijana una akiba na unajua kufidia. Akiba ikiisha, ulemavu huanza kujengeka taratibu, bila shambulio la kuonekana. Takriban wagonjwa 85 kati ya 100 huanza kwa mtindo huu wa kuja na kuondoka. Waliobaki ugonjwa huwapanda polepole tangu mwanzo, wala hauwapi mapumziko.

Ulemavu wa miguu watu huuona na kuuhurumia. Mengine hayaonekani, na hayo ndiyo yanayovunja ndoa na kufukuzisha watu kazi. Kuna uchovu ambao kulala hakuuondoi. Mwanamke anaamka alfajiri amekwisha kuchoka kabla hajashika ufagio, na mawifi wanasema kaka yao kaoa mvivu. Kuna mkojo unaobisha hodi ghafla, mtu anaacha kupanda basi la mkoani kwa kuogopa aibu, anaacha harusi, anaacha misiba. Kuna umeme unaoteremka mgongoni kila anapoinamisha shingo, kwenye kusujudu, kwenye kufua, kwenye kutazama simu. Dalili hiyo madaktari wameipa jina la Mfaransa Jean Lhermitte. Kuna kubanwa kifuani kwa mkanda usioonekana. Kuna fikra kwenda polepole, mhasibu hodari akawa anarudia hesabu moja mara nne. Nguvu za unyumba zinapungua, kwa wanaume na kwa wanawake. Na kuna sonona, ambayo kwa sehemu hutokana na mabadiliko ya ubongo wenyewe, na kwa sehemu hutokana na kuishi miaka mingi ukiambiwa huumwi.

Jacqueline du Pré, mpiga selo wa Kiingereza aliyesifiwa dunia nzima, alianza kupoteza hisia za vidole akiwa katikati ya miaka yake ya 20. Selo hupigwa kwa vidole vinavyohisi. Alifika mahali pa kulazimika kuvitazama vidole ili ajue viko wapi kwenye nyuzi, na kabla jina la ugonjwa halijajulikana walikuwepo waliodhani tatizo ni la akili. Alithibitishiwa kuwa na MS mwaka 1973. Alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 42. Kwa mwenendo wa sasa wa matibabu, wagonjwa wengi huishi miaka inayokaribia ya watu wengine, lakini yake tuikumbuke, maana ilikuwa kabla ya dawa hata moja ya kuuzuia ugonjwa huu.

Joto lazima niliseme peke yake, kwa sababu wengi wetu tunaishi nalo. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kwamba wagonjwa wake walififia macho baada ya kufanya mazoezi. Baadaye ikajulikana kuwa kinachofanya hivyo ni joto la mwili kupanda. Uzi uliopoteza ganda unapitisha habari kwa shida, na joto likiongezeka kidogo tu unashindwa kabisa. Kabla ya mashine za kisasa, kuna madaktari waliowaingiza wagonjwa kwenye beseni la maji ya moto ili waone kama dalili zitatokea. Sasa mfikirie mgonjwa wa Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, jikoni, mbele ya jiko la mkaa. Saa nne asubuhi alikuwa anatembea; saa nane mchana miguu haimtii. Jioni, upepo wa bahari ukivuma, anatembea tena. Anayemtazama anasema anaigiza. Haigizi. Na yeye mwenyewe ajue kwamba joto halimuongezei kidonda. Linazidisha dalili kwa muda, na mwili ukipoa zinarudi zilipokuwa. Kazi nzito ifanyike asubuhi na mapema, maji ya kuoga yawe ya baridi, kitambaa kilicholoweshwa kikae shingoni, na mwajiri amruhusu akae karibu na feni. Homa ya malaria nayo huleta hali hiyohiyo, kwa hiyo homa itibiwe haraka kabla ya kuhesabu kwamba ni shambulio jipya.

Duniani wanahesabiwa watu zaidi ya milioni 2.8 wenye MS. Wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume, na wengi huanza kati ya miaka 20 na 40. Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanao wengi zaidi. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna wachache. Kwa nini? Sehemu ya jibu ilianzia Kampala.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, wa Hospitali ya Mulago, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Machi 1961 aliutolea mhadhara mjini London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo mtafiti Anthony Epstein, aliyehisi kwamba nyuma ya uvimbe ule kuna kirusi. Wakakubaliana, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Kisha siku moja ndege ikaelekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu wa London, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa na ukungu. Angeweza kudhani kimeoza akakimwaga. Akakitia kwenye darubini, akakuta chembe hai za uvimbe zinaelea. Kutokana na kukuza chembe za namna hiyo, mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Wale watoto wa Uganda hawatajwi kwenye jina hilo, na naona ni haki tuwakumbuke hapa.

Miaka 58 baadaye, Januari 2022, watafiti wa Harvard wakiongozwa na Alberto Ascherio walichapisha uchunguzi wa rekodi na damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Mtu aliyekuwa hajaambukizwa kirusi hicho, akaambukizwa ukubwani, hatari yake ya kupata MS ilipanda mara 32. Msikilizaji usiogope: zaidi ya watu wazima 90 kati ya 100 duniani wanacho mwilini, na wengi mno hawatapata MS maishani. Kirusi hufungua mlango. Mengine lazima yachangie pia, kama vile kurithi mwili wenye mwelekeo huo, kukosa jua na vitamini D, kuvuta sigara. Kwetu watoto hukipata wakiwa wadogo sana, kwa mate, bila hata mama kujua. Ulaya wengi hukipata wakiwa vijana, kikaleta homa na tezi kuvimba, na waliougua homa hiyo ndio wanaopata MS zaidi. Uchunguzi wa Uingereza uliotoka mwaka 1990 uliwaangalia watoto waliozaliwa huko na wazazi waliohamia kutoka Afrika, Bara Hindi na visiwa vya Karibi. Wazazi walikuwa na MS kwa uchache. Watoto walikaribia kiwango cha wenyeji. Ndugu zetu mnaolea watoto London, Oslo au Toronto, msiseme ugonjwa huu ni wa Wazungu.

Wala sisi tuliobaki tusiseme hivyo. Uchache umetuletea shida yake: daktari asiyetarajia kitu hakioni. Na kusema kweli, ana sababu ya kutafuta kwanza mengine. Miguu kufa ganzi au kukakamaa kwetu kunaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho, virusi vya UKIMWI, upungufu wa vitamini B12, au konzo, ule ugonjwa wa mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, uliozuka mkoani Mara katika miaka ya 1980. Hayo yapimwe, ni lazima. Ninachoomba ni kwamba vipimo hivyo vikiwa safi, safari isiishie pale kwa mgonjwa kuambiwa hana kitu. Inahitajika picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo, inayoonyesha makovu mahali tofauti na ya umri tofauti. Mara nyingi huchukuliwa pia maji ya uti wa mgongo, na hapo familia nyingi hukataa kwa kuamini kuwa sindano ile hupooza. Uti wa mgongo huishia juu, usawa wa kiuno cha juu. Sindano huchomwa chini yake, mahali ambapo hakuna uti wa kuchoma. Kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu. Kupooza kwa sindano hiyo ni nadra mno.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na MS ambao lazima utenganishwe nayo. Madaktari wanauita kwa herufi NMO. Nao hushambulia macho na uti wa mgongo, na kati yetu watu weusi huonekana zaidi kuliko kwa Wazungu. Mwaka 2004 timu ya Vanda Lennon huko Mayo Clinic, Marekani, ilipata kipimo cha damu cha kuutambua. Kipimo hiki si anasa. Baadhi ya dawa zinazomsaidia mgonjwa wa MS, kama intaferoni beta, humzidishia hali mgonjwa wa NMO. Mtu akikuandikia dawa ya MS, muulize kwa adabu kama NMO imekwisha kuondolewa kwenye hesabu.

Dawa za kuponya hazijapatikana. Steroidi za kutundikwa kwa siku tatu hadi tano hufupisha shambulio lakini hazibadilishi yajayo. Zinazobadilisha yajayo ni dawa nyingine, za kupunguza mashambulizi na makovu mapya. Ya kwanza, intaferoni beta, iliruhusiwa Marekani mwaka 1993, na tangu hapo zimefuata nyingi zenye nguvu zaidi. Zote zinafanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea, kwa sababu zinalinda kilichopo na hazirudishi kilichokwenda. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hii ya mwisho madaktari wa saratani wa ukanda wetu wanaifahamu, na viwanda vya India huitengeneza kwa bei ya chini kuliko ya mtengenezaji wa kwanza. Inaua chembe za damu za aina B, ambamo kirusi kile cha Epstein hujificha, na ambazo ndizo zilizogeuka saratani kwenye taya za wale watoto wa Mulago. Kwa maoni yangu, bima za afya za Tanzania, Kenya na Uganda hazina tena sababu ya kusema dawa za MS ni za matajiri. Orodha ipo, dawa ipo, na kijana aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu miaka 30 ni gharama kubwa kwa familia na kwa taifa kuliko dawa.

Dada zangu wenye MS, wapo watakaowaambia msizae. Ujauzito hauharakishi ulemavu. Mashambulizi hupungua hasa miezi mitatu ya mwisho, kisha huongezeka miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua, kwa hiyo panga mapema na daktari dawa ipi isimame na lini, na mama mzazi au mama mkwe aombwe kuja kusaidia wakati huo, si mwaka unaofuata. Mtoto kurithi inawezekana, ila ni kwa nadra.

Sasa neno la mwisho kwako. Ukiona jicho moja limefifia huku likiuma, au ganzi, au miguu kulegea kwa zaidi ya siku nzima, andika tarehe iliyoanza, mahali ilipogusa, na siku iliyoisha, hata kama imekwisha kabisa. Omba, ombewa, hilo halizuiwi na hospitali. Lakini kama umeshapata mashambulizi mawili, nenda hospitali ya wilaya ukaombe barua ya rufaa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, iwe Muhimbili, KCMC Moshi, Kenyatta Nairobi au Mulago Kampala. Nenda ukiwa na nafuu. Usisubiri shambulio la tatu.